Kliniki ya meno karibu na Soko Kuu, Mwanza: wanatibu, na wanaandika walichotibu

Nilikwenda na gego la mwisho la chini kulia. Lilikuwa linanisumbua tangu Pasaka: ufizi unavimba, mdomo haufunguki vizuri, ugali nautafunia upande mmoja. Kliniki iko ghorofani, ukitoka Soko Kuu kuelekea Barabara ya Nyerere, na ngazi zake zina giza kidogo. Daktari ana mkono mwepesi na ganzi ilishika vizuri. Ila ninachotaka wenzangu wenye kadi za bima wakisikie ni habari ya makaratasi yao.

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha samaki huku Ilemela, na madai ya bima ya wafanyakazi hupitia mezani kwangu. Miaka miwili iliyopita gego la kushoto lilinipeleka kwenye kliniki nyingine. Nilikaa kwenye kiti karibu saa nzima, mfupa ukakatwa, nikashonwa. Kwenye fomu wakaandika maneno mawili tu: "kung'oa jino". Jino lipi, hakuna. Picha ya eksirei haikuambatishwa. Bili, hata hivyo, ilikuwa ya upasuaji. Bima ikalipa kiwango cha jino linalong'olewa kwa koleo, na shilingi 140,000 zilizobaki nikadaiwa mimi. Kilichoniuma zaidi, nilikuwa nimetia sahihi fomu ikiwa tupu, pale mapokezi, kabla hata sijamwona daktari. Nilipopiga simu bima nikajibiwa, "Mama, sisi tunalipa kilichoandikwa." Sikuwa na la kusema.

Safari hii kijana wa madai alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka mayu", akachukua kadi, akaihakiki, kisha akanieleza kwamba siku hiyo sifanyiwi upasuaji. Kwanza picha ya taya zima, halafu makadirio ya gharama yatumwe bima pamoja na ile picha, tusubiri kibali. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Kibali kilikuja kesho yake mchana, na namba yake ikaandikwa juu ya fomu.

Siku ya upasuaji, nikiwa bado nimeng'ata pamba, daktari alikaa palepale akaandika. Aliniomba nisome kabla ya kusaini, nami niliinakili kwenye simu: "Jino 48. Limelala kuelekea mbele, sehemu limefunikwa na mfupa. Ufizi umechomwa mara tatu kwa miezi minne. Ganzi ya lignokeini yenye adrenalini, chupa 2. Ufizi umefunguliwa, mfupa umeondolewa kwa mashine, jino limegawanywa vipande 2, nyuzi 3. Mgonjwa ameelezwa hatari ya ganzi kubaki mdomoni, ameridhia." Neno "umechomwa" nilimwuliza, akacheka, akalifuta kwa mstari mmoja, akaandika "umevimba", akatia sahihi ndogo pembeni. Hilo nalo lilinifurahisha, kwa sababu karatasi iliyofutwafutwa bila sahihi hurudishwa.

Hiyo 48 nilidhani ni namba ya faili. Kijana wa madai alichora kinywa kwenye karatasi na kukigawa robo nne. Tarakimu ya kwanza ni robo: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, kulia na kushoto zikiwa za mgonjwa mwenyewe. Tarakimu ya pili ni hesabu kuanzia meno ya katikati mbele, na 8 ndilo gego la mwisho. Basi lile langu la zamani lilikuwa 38. Tarakimu mbili tu zilikosekana kwenye fomu yangu! Akaongeza kwamba akija mgonjwa mwenye bima ya Marekani huwa anabadilisha, kwa kuwa kule wanahesabu 1 hadi 32 na gego kama langu ni namba 32. Tena wana misimbo: D7140 ni kung'oa kwa kawaida, D7210 ni kung'oa kwa upasuaji jino lililokwisha kuota, na kwa lililozuiwa, yaani lililokwama lisiote vizuri, huangaliwa limefunikwa na nini. Ufizi tu ni D7220, mfupa kwa sehemu D7230, mfupa kabisa D7240. Ndiyo maana picha na maelezo ya mfupa lazima visimulie jambo lilelile.

Wana upungufu wao. Asubuhi foleni ni ndefu. Nilifika saa mbili, nikaitwa saa nne kasoro. Nakala ya fomu nililazimika kuiomba mara mbili, wakati ingepaswa kutolewa bila kuombwa. Na picha nililipa taslimu kwanza, nikarudishiwa baada ya kibali.

Dai langu lililipwa lote, sikuongeza hata shilingi. Nyuzi zilitolewa siku ya saba bila malipo mengine.

Ukienda, beba kadi na kitambulisho, na kama una picha ya karibuni uliyopigwa kwingine nenda nayo, wataiangalia kabla ya kukupiga nyingine. Fomu wakikupa tupu, popote pale, irudishe mpaka ijazwe. Mafundi wetu wawili wa barafu nimeshawaelekeza huko, na mmoja ana miadi Jumanne.