Kiti cha pikipiki kwa safari ndefu: kipi kinafaa pesa yako, kipi ukiache dukani

Ubaya wa kiti hauonekani dukani. Ukikikalia dakika mbili, kile laini kuliko vyote ndicho kitakachokuvuta. Utaujua ubaya wake Awasi, ukikaribia Kisumu, kama ulitoka Nakuru asubuhi: umeshapita Mau Summit, Londiani na Kericho, matuta umeyahesabu yote, na sasa unasimama juu ya vikanyagio kila baada ya dakika tano ukitafuta nafuu. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 185. Kwa Boxer au TVS inayotembea mwendo wa hamsini, sitini, hayo ni masaa matatu na ushee juu ya kiti kimoja.

Mtu akiketi, uzito wa kiwiliwili hushukia mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini hubonyea mpaka mifupa hiyo ikakaribia sahani ya chini, ile ya plastiki au bati. Ikifika hapo, sponji imeshamaliza kazi; kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Sponji ngumu kiasi haibonyei yote, kwa hiyo huacha nafasi ya kumeza mshtuko. Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa swali moja tu: baada ya saa ya pili, nini bado kipo kati ya mifupa yako na sahani?

Kabla ya kutoa hata shilingi, kagua vitu ambavyo kiti husingiziwa. Tairi la nyuma lililojazwa upepo kupita kiasi hurusha pikipiki kama mpira. Shokamzoba zilizokazwa hadi kipimo cha mwisho kwa ajili ya magunia, halafu unasafiri peke yako, hazishuki kabisa. Zirudishe hatua moja au mbili. Na pochi ya mfuko wa nyuma itoe. Hakuna fundi wa viti anayeweza kushindana na pochi.

Kisha jipime. Chukua kadibodi ya katoni yenye mikunjo ndani, iweke juu ya kiti kigumu cha mbao, ikalie dakika moja huku umeinua visigino. Utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine; watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 10 na 14. Ongeza sentimita 5 hadi 6 kila upande, na hapo umepata upana wa chini kabisa wa sehemu tambarare unayopaswa kukalia. Kiti chenye mgongo wa duara kama gogo, hata kikiwa kipana kwa macho, kinakubeba kwenye mstari wa katikati tu.

1. Kiti chako mwenyewe, kilichojengwa upya

Hiki ndicho chaguo la kwanza, na kwa mbali. Sahani ya kiti cha asili inakaa vizuri kwenye fremu, ulimi wake wa mbele unaingia mahali pake, bolti zinalingana. Kilichokufa ni sponji. Shida ni kwamba wengi wanaokwenda kwa fundi wanamwambia "nivalishie kiti", na fundi hufanya hivyo hasa: leza (ngozi ya ganda) mpya inayong'aa juu ya sponji ileile ya miaka minne. Wewe mwambie unataka sponji, na ganda ni nyongeza.

Kiti hufunguliwa kwa spana namba 10 au 12 kwa pikipiki nyingi, au kwa ufunguo wa pembeni. Kigeuze, ng'oa pini za ganda kwa bisibisi bapa, kisha angalia sahani. Nyufa ndogo za plastiki zinaweza kuzibwa kwa kuyeyusha. Ikiwa imepasuka kwenye tundu la bolti, ruka uende namba 2. Hesabu pia raba za chini, zile zinazokalia fremu. Ikikosekana moja, uzito wote huegemea bolti, sahani hutetemeka na hatimaye hupasuka, na mwenye pikipiki hulaumu sponji.

Sasa sponji yenyewe. Sponji ya kiti cha pikipiki huanzia kama kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Sponji ya magodoro mengi, hata yale mazito yanayoitwa haidensiti, huwa chini ya hapo. Huna haja ya kuamini neno la muuzaji: kata kipande cha sentimita 20 kwa 20 chenye unene wa 10, kiweke kwenye mizani ya duka. Hicho ni lita nne. Kikiwa na gramu 200, ni sponji ya kilo 50. Kikiwa na gramu 100, ni ya kulalia, iache. Mafundi wa sofa, kama wale wa Kibuye mjini Kisumu, huwa na mabaki mazuri, na pia ile sponji ya vipande vya rangi nyingi iliyobanwa pamoja. Watu huidharau kwa sababu inafanana na takataka. Kwa safu ya chini ya kiti, hiyo ndiyo dhahabu: ni nzito, ngumu, na haichoki upesi.

Mpangilio unaofanya kazi kwa mwendeshaji wa kilo 65 hadi 85 ni huu. Chini, milimita 40 za ile ya vipande. Juu yake, milimita 20 hadi 25 za sponji ya kilo 50. Mwepesi zaidi apunguze ugumu wa chini, si kuongeza ulaini wa juu. Mahali unapokalia, fundi achimbe kina kidogo, kama milimita 10, kiwe mfano wa sahani ya chakula. Uzito utagawanyika hadi kwenye mapaja badala ya kukaa kwenye nukta mbili. Mbele karibu na tangi pabaki pembamba, la sivyo mapaja yatasukumwa nje na miguu haitafika chini vizuri.

Mteremko ni jambo linalosahaulika kila mara. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, weka pima maji juu ya kiti. Kikiteremka mbele, utatelezea tangi kila ukishika breki, na wanaume wanajua nani hulipa gharama hiyo. Rekebisha kwa kuongeza kabari ya sponji ngumu mbele, milimita 10 hadi 15 ikipungua kuelekea nyuma. Raba ya soli za malapa inafaa sana hapo kwa sababu hainywi maji. Usiinue sahani yenyewe kwa washa za bolti, maana ulimi unaweza kutoka kwenye kishikizo chake.

Gundi ni ya viatu: ipakwe pande zote mbili, isubiri kama dakika kumi hadi iwe ya kunata bila kulowesha kidole, ndipo zigandishwe. Isipakwe nene chini ya mifupa. Ikikauka hugeuka ukuta. Umbo lichongwe kwa grinda yenye msasa mkali, namba 36 au 40, kwa kugusa tu bila kukandamiza. Kisha kalia kiti kikiwa bado hakina ganda. Piga goti moja juu yake, tia uzito wote, hesabu hadi thelathini. Ukisikia sahani, kazi haijaisha, na sasa ndio wakati wa kusema. Ganda likishafungwa, utaambiwa "kitazoea".

Kwenye ganda, kosa kubwa ni mshono unaopita katikati ya sehemu ya kukalia. Mshono huo unauma, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Anayepita Kericho alasiri anajua mvua yake haibishi hodi mara mbili. Sponji ikinywa maji hukaa na unyevu siku kadhaa, na nguo zako zinayanywa yote ukiketi. Mishono iwe pembeni, uzi uwe wa nailoni (wa pamba huoza), na kati ya sponji na ganda iwekwe karatasi nyembamba ya nailoni. Hata hivyo maji yatapata njia, kwa hiyo sahani itobolewe matundu mawili matatu ya milimita 6 mahali pa chini kabisa ili yatoke. Leza iwe na kitambaa nyuma na isiwe ya kung'aa. Ile ya kung'aa hukutelezesha. Ivutwe ikishapashwa jua, lakini isikazwe mpaka ibane kingo: hapo kiti chote hugeuka kilima na kazi ya kuchonga imepotea bure. Pini za stepla ziwe milimita 6. Za 10 hutokeza upande wa pili, na utazigundua kwa njia ya aibu.

Abiria naye ana mifupa, na amekaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma. Sponji yake isipungue milimita 50. Kidato kati yako na yeye cha sentimita 3 hivi kinakupa pa kuegemeza kiuno, lakini kama unabeba magunia na kreti, sema kiti kiwe bapa, kwa sababu mzigo utakalia kidato na kukivunja.

Usikubali kiti kiinuke zaidi ya sentimita 2 bila kujaribu. Kwa mrefu, hizo ni nafuu ya magoti. Kwa mfupi, ni kuanguka kwenye steji abiria akipanda.

2. Kiti kipya cha aina ileile ya pikipiki

Kama sahani imekufa, nunua kiti kizima. Kiti cha asili kinampa mtu wa wastani safari ya saa moja hivi bila malalamiko, si zaidi, lakini ni msingi safi wa kujengea baadaye. Nenda na kile cha zamani mkononi. BM100 na BM150 hazichangii kiti kwa sababu tu zote ni Boxer, na neno "zote zinaingiliana" ni la muuzaji anayetaka kufunga duka. Linganisha vitu vinne: ulimi, nafasi kati ya matundu ya bolti, idadi ya raba, na unene wa sahani ukingoni. Vile vya bei ya chini huwa na plastiki unayoweza kuikunja kwa mikono miwili. Kama sahani ni ya bati, hakikisha kofia ya raba ya nchi chanya ya betri ipo. Kiti kikibonyea na bati likagusa nchi hiyo, utaanza kunusa moshi kabla hujajua unatoka wapi.

3. Mto wa hewa

Kwa safari ndefu za mara moja moja, hakuna kinachougusa. Hugawa uzito kuliko sponji yoyote, na unaukunja ukifika. Ubaya wake ni bei: ule mzuri wa kutoka nje unaweza kupita bei ya kiti kipya cha Boxer mara kadhaa. Wengi wanaosema haufai waliujaza kama tairi. Uujaze, ukalie, kisha fungua vali utoe hewa polepole mpaka mifupa ibaki kama sentimita 2 juu ya kiti. Unapaswa kuhisi kama hauna hewa ya kutosha.

Kwa barabara zetu kuna jambo la ziada. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Timboroa, kwenye barabara ya Eldoret, ni zaidi ya 2,700. Mto uliojazwa Kisumu, ukifika huko juu, hewa iliyo ndani hutaka nafasi zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano, na mto hukazana ukaanza kukuyumbisha kwenye kona. Toa hewa kidogo Mau Summit. Ukirudi, uongeze.

4. Ngozi ya kondoo au kifuniko cha wavu

Hivi haviponyi sponji iliyokufa, vinaponya joto. Kisumu hadi Busia mchana, kupitia Maseno na Ugunja, jasho ndilo linalochubua ngozi kabla mifupa haijauma. Wavu mnene wenye nafasi ya hewa, unene wa sentimita 1 hivi, unatosha na haushiki maji. Ngozi ya kondoo ni bora zaidi mpaka mvua inyeshe. Shanga zile za teksi hupitisha hewa vizuri, lakini huteleza, na uzi ukikatika utaziacha njia nzima.

5. Jeli

Jeli hugawa uzito, haimezi mshtuko. Ikiwekwa juu ya kiti kama pedi huwa nzito, hutembea, na pikipiki ikiegeshwa juani hubaki na moto muda mrefu baada ya leza kupoa. Kama lazima, izamishwe ndani ya sponji ngumu na ifunikwe kwa angalau milimita 10 za sponji nyingine.

6. Viti vya urembo

Vile vya rangi mbili tatu, vilivyojaa kama mkate wa siku ya sherehe, virefu hadi kwenye keria. Ndani huwa sponji ya godoro iliyorundikwa. Vinavutia steji nzima kwa mwezi mmoja, kisha katikati hupiga shimo na kingo hubaki juu. Urefu wake nao hushawishi kupakia wawili, na sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja.

Chochote utakachochagua, usikizindue kwa safari ya Eldoret. Kipe wiki moja ya safari fupi, kwa kuwa sponji mpya hushuka milimita chache, kisha kaza bolti tena na pitisha mkono chini ya sahani kuona kama kuna waya uliobanwa.