Bunduki ya upepo ya kuwindia: kwanza niambie upepo utautoa wapi

Naandika hii na hasira zangu mtanisamehe. Mwaka jana nilinunua bunduki ya upepo ya mtungi, zile wanaita PCP, yaani upepo unaujaza kwanza kwenye mtungi wake ndo upige, muuzaji akaniapia dada hii haina shida upepo unajaza hata kwa fundi pancha. Nikaenda na mtungi wangu mpaka Igoma, hapa hapa Mwanza. Kijana kawasha kompresa, tukasubiri, mshale wa geji wala haukuinuka. Ye anajaza matairi ya Fuso, bar 8 hivi (bar ndo kipimo cha presha), bunduki inataka bar 200! Tukabaki tunaangaliana.

Kwahiyo habari za kasi na urembo wa kitako sizungumzii, hayo muuzaji atakuimbia bure. Mi nataka tuongelee upepo.

Utaishia kwenye pampu ya mkono. Unapampu kama 50 unapumzika ipoe, unaanza tena, mgongo unauma. Halafu sisi tumekaa na ziwa mlangoni, hewa ya hapa ina maji, ukiikandamiza yale maji yanajikusanya. Siku moja nilifungua kile kiskrubu cha kutolea presha ikanitemea matone kiganjani, ya baridi kabisa. Sasa hayo yakiingia kwenye mtungi ni kutu na oringi, vile vipira vya duara vya kuzibia upepo, kuharibika, na huoni mpaka bunduki ianze kuvuja usiku. Hakikisha pampu ina kichujio cha unyevu, ile punje ndani ni kama ya vile vifuko vinavyokaa kwenye boksi la viatu, ikilowa ibadilishe. Na usithubutu kujaza oksijeni ya wachomeleaji, hata ukiambiwa presha inatosha, ikikutana na grisi inalipuka.

Namba moja kwangu ni Hatsan ya Uturuki, wala sifichi. AT44 ya risasi ya milimita 6.35 kwa kanga na sungura, ukitaka digidigi chukua Carnivore ya 7.62 na usogee karibu. Zinajaa kwa bar 200 na mtungi wake unafunguka, bunduki inabaki imefungiwa ndani we unahangaika na mtungi tu.

Ya pili AirForce Texan ya risasi ya inchi .45, ya Marekani. Hiyo ndo ya nguruwe pori, nguvu ya risasi inapita joule 650, ila risasi chache tu upepo umekwisha unarudi kwenye pampu.

Ya tatu FX Impact ya Uswidi. Tamu sana, lakini bar 250 kwa mkono? Labda una vijana wa kukusaidia.

Za springi, zisizo na mtungi, kina Gamo na Diana, bei rahisi na hazitaki pampu. Ni za njiwa. Na ule mtikisiko wake unaua darubini ya kulengea, basi.

Kabla hujalipa pita polisi uulize umiliki, na kibali cha kuwinda ukipate TAWA, mamlaka ya wanyamapori, bila hicho ni kesi hata kama digidigi kajileta shambani kwako.

Yangu ilipovuja nilimrudia yule muuzaji, oringi 6 akaniuzia elfu 45, vidude vinakaa kwenye kisoda! Nimefika nyumbani mbili haziingii. Nampigia mpaka leo, simu inaita tu.