Bogenvilia tatu na adenium mbili kutoka Mokowe: mwaka mmoja baadaye

Miche hii mitano niliinunua mwezi wa nne mwaka jana kwa muuza miche wa barabarani pale Mokowe, nikavuka nayo kwa boti hadi kisiwani Amu (Lamu). Bogenvilia tatu, shilingi 250 kila mche. Adenium mbili, yale mawaridi ya jangwani, 600 kila moja. Kisima chetu kina maji ya chumvi na ya kunywa tunanunua kwa mtungi, basi nilitaka maua yasiyonidai maji. Nikayapanda kiwandani (kwetu kiwanda ni ua wa ndani, msije mkadhani nina mashine), ukutani panapopigwa jua mpaka alasiri.

Muuzaji ni mcheshi na miche yake ilikuwa na afya. Ushauri wake ndio ulioniponza. "Dada, mwagilia asubuhi na jioni, usiruke hata siku." Nikatii. Bogenvilia zikajaa majani kama mchicha, ua hata moja hakuna. Baada ya miezi minne jirani yangu mmoja mzee akachungulia akacheka: "Unazilewesha hizo!" Nikapunguza hadi lita tano kwa mche kwa wiki, mengi yakiwa maji ya udhu niliyoyakinga kwenye beseni. Kaskazi ilipofika, mwezi wa kwanza, ukuta wote ukawaka. Kumbe hicho chekundu tunachokiita ua ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijeupe kidogo katikati.

Lalamiko: nililipia nyeupe mbili, moja ikatoka zambarau. Nunueni mche ukiwa umeshachanua. Na ardhi yetu ya chokaa inazifanya majani yawe manjano huku mishipa ikibaki kijani. Samadi ya punda iliyokaa miezi imesaidia. Mbichi inaunguza mizizi, na Amu mbichi haikosekani.

Adenium ni habari nyingine. Zilikuja kwenye udongo mweusi mzito unaoshika maji, na masika hayo yakanyesha kwelikweli. Mwezi wa sita shina la moja likabonyea kama muhogo uliooza. Nikang'oa ya pili mbio, nikaiosha mizizi, nikaianika kivulini siku nne, kisha nikaitia chunguni: mchanga wa chengachenga, vipande vya matumbawe, samadi kiganja kimoja, na tundu kubwa chini. Mvua ikinyesha naisogeza chini ya baraza. Sasa ina maua ya rangi ya waridi karibu bila jani. Mmea huu wala si mgeni, porini kwetu Kenya upo. Ila utomvu wake ni sumu, kwa hiyo mbuzi na watoto wasiukaribie.

Mamangu hajaridhika. Anauliza ua gani hili halinukii, halitungiki kikuba (kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake), na ndoo ya kwanza ya maji matamu bado inakwenda kwa asumini yake. Simbishii.

Kwa bogenvilia nitarudi kwa muuzaji yuleyule. Adenium simpi tena 600: mwezi ujao nakata tawi la hii iliyopona, naliacha kidonda kikauke wiki nzima, nachomeka kwenye mchanga mkavu.