Kununua Simu yenye Kufuli la Programu: Ipi Itangulie, Ipi Ifuate

Mtu anayeingia dukani katikati ya jiji la Mwanza kutafuta simu huuliza betri inakaa muda gani, kamera ikoje na nafasi ya kuhifadhia ni kiasi gani. Ni nadra kumsikia akiuliza kama simu hiyo inaweza kufunga programu moja moja, ilhali hilo ndilo litakaloamua nani atasoma ujumbe wake wa WhatsApp siku atakapomwazima mpwa wake simu aangalie katuni. Mwongozo huu unazipanga njia zilizopo kuanzia ile ninayoiona bora hadi ile nisiyomshauri mtu aitumie, na kigezo changu kikuu ni kama kufuli la programu lina namba yake ya siri, tofauti na ile inayofungua kioo.

Nimekichagua kigezo hicho kwa sababu simu zetu hazikai mfukoni mwa mtu mmoja. Mwenzako nyumbani anaijua namba ya kufungulia, watoto wanaijua, na kijana anayekusaidia kwenye meza ya samaki pale sokoni Mwaloni Kirumba anaijua pia, maana ndiye anayepokea simu za wateja wakati wewe unapima dagaa. Mwizi anaweza kuja au asije, lakini watu hawa wanaishika simu yako kila siku. Kuweka kufuli linalofunguka kwa namba ambayo nyumba nzima inaijua ni sawa na kuongeza mlango wa pili kisha kuufungia kwa ufunguo wa mlango wa kwanza.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa simu za Android zilizokuja na kufuli la programu kutoka kiwandani, hasa Tecno, Infinix na Redmi. Ndani ya mipangilio yake utakuta sehemu iliyoandikwa App Lock, ambako unaweka mchoro au namba ya pekee, kisha unachagua programu za kufungwa: picha, WhatsApp, programu ya benki. Programu inabaki mahali pake, hakuna nakala ya pili inayokula nafasi, na kwenye Redmi unaweza pia kuficha maneno ya arifa za programu iliyofungwa. Najua wapo watakaoshangaa kuona simu ya bei nafuu ikitangulia iPhone, lakini hapa tunapima kufuli, hatupimi heshima ya mezani. Jihadhari tu na matoleo mepesi ya bei ya chini kabisa, ambayo mara nyingine hupunguzwa vipengele. Usikubali neno la muuzaji mpaka umeliona kufuli lenyewe.

Nafasi ya pili ni Samsung yenye Secure Folder. Kwa nguvu ya ulinzi, hii inaipita ile ya kwanza, kwa kuwa ni chumba kilichotengwa ndani ya simu na kusimbwa, yaani vilivyomo havisomeki bila ufunguo, chenye namba yake, na programu iliyomo humo haina uhusiano na iliyo nje. Nimeishusha kwa sababu mbili. Kwanza, haimo katika kila Samsung, na zinazoikosa ni zile za bei ya chini ambazo wengi wetu ndizo tunazozimudu. Pili, inamtaka mtumiaji awe makini: ukiweka WhatsApp ndani ya chumba hicho na kuisahau ile ya nje, hujafunga chochote, na ukisahau namba bila kuwa umeruhusu kuirejesha kupitia akaunti ya Samsung, vilivyomo vimepotea. Jamaa yake wa karibu ni Private Space, chumba kingine cha faragha kilicholetwa na Android 15 mwaka 2024. Hiyo nayo inaweza kupewa kufuli lake, ila ikifungwa programu zilizomo husimama kabisa na hazileti arifa. Inafaa kwa nyaraka na programu ya benki, lakini mfanyabiashara anayesubiri oda za wateja asiiwekee programu ya ujumbe.

iPhone inakuja ya tatu. Tangu iOS 18, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, ilipotoka Septemba 2024, unabonyeza alama ya programu kwa sekunde chache, unachagua kuifunga, na kuanzia hapo itadai uso au kidole chako. Ujumbe wake hauonekani tena kwenye arifa wala kwenye utafutaji. Kazi ni safi. Tatizo ni kwamba uso ukikataliwa, simu inaomba namba ile ile ya kufungulia kioo, na kwa mwenye watoto wanaoijua namba hiyo kufuli linakuwa pambo. Anayenunua iliyotumika akumbuke pia kwamba iPhone 8 na iPhone X, ambazo bado zinauzwa mitumba, hazipokei iOS 18. Anzia XR au XS.

Ya nne haikulazimu kununua simu mpya, nayo ni makufuli yaliyo ndani ya programu zenyewe. WhatsApp imekuwa na kufuli la alama ya kidole kwenye Android tangu 2019, na tangu 2023 unaweza kufunga mazungumzo mahususi na kuyawekea msimbo wake wa siri. Telegram ina namba yake kabisa. Udhaifu wa njia hii ni kwamba picha na mafaili yako yanabaki wazi.

Mwisho kabisa ni programu za kufuli za bure zinazopakuliwa. Niliwahi kuweka moja kwenye simu yangu ya zamani; iliomba ruhusa ya kuona kila programu ninayofungua na kuchora juu ya kioo, ikanilipa kwa matangazo yaliyokula bando, na kila simu ilipobana matumizi ya betri kufuli lilizimwa kimyakimya. Mbaya zaidi, nyingi za aina hii mtu anaweza kuziondoa tu na mlango ukabaki wazi.

Kuhusu kidole na uso, mazingira yetu yana neno lake. Mtazame mama anayeuza dagaa mwaloni: anaweka kidole chenye chumvi na magamba kwenye kitufe cha pembeni, simu inakataa, anakifuta kwenye kanga, inakataa tena, mwishowe anaandika namba mbele ya wateja watano waliomzunguka. Mtu wa kazi hiyo asajili kidole kile kile mara mbili, mara moja kikiwa kimeoshwa na kukauka na mara nyingine baada ya kazi, kisha atumie namba ya tarakimu 6 badala ya 4, kwa kuwa za tarakimu 4 ni 10,000 tu na za 6 ni 1,000,000. Kidole cha mtoto kisisajiliwe kamwe, kwa kuwa kinachofungua kioo kwa kawaida hufungua na programu. Uso nao, kwenye simu za bei nafuu, husomwa na kamera ya kawaida ya mbele, na ndiyo maana programu nyingi za benki huukataa na kudai kidole.

Kufuli la programu halifiki kwenye laini. Ukipiga *150*00# menyu ya M-Pesa inafunguka bila kupitia programu yoyote, ikilindwa na namba yake ya siri pekee, na laini ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine, ujumbe wa msimbo wa kuthibitisha utafika huko. Weka namba ya siri ya laini (SIM PIN) kupitia mipangilio, ukijua kwanza iliyopo sasa, kwa maana ukikosea mara 3 itakudai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga.

Ukiwa bado dukani, kabla ya kutoa fedha, weka kufuli kwenye programu ya picha, kisha bonyeza kitufe cha programu zilizofunguliwa karibuni uone kama picha zinachungulia kwenye kidirisha. Zima simu, iwashe, na uifungue programu hiyo mara tu kioo kinapowaka. Kama imefunguka bila kukuuliza kitu, irudishe kwa muuzaji na uombe nyingine.