Seti ya helikoili kwenye sampo ya Canter: miezi minane baadaye

Dereva ndiye aliyeniletea habari: "Bosi, bolti ya sampo haikazi, inazunguka tu." Sampo ni lile bakuli la oili chini ya injini, na bolti hiyo ndiyo ya kumwagia oili. Tulikuwa tumetoka kumwaga oili kwenye gereji moja huku Mbagala, na kijana wa pale alikaza kwa spana aliyoiongezea bomba. Nilimwona nikanyamaza, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu.

Tulianza na dawa ya kienyeji: tepu nyeupe ya mafundi bomba, silikoni juu yake, safari. Ilishika mpaka injini ilipopata moto. Asubuhi nikakuta doa jeusi chini ya gari, ukubwa wa sinia, na dipstiki inasoma chini ya alama.

Fundi wa kwanza alitaka kuchomelea nati mpya. Nikakataa, maana sampo ingebidi ishushwe na kuoshwa mafuta yote, na bati lile likipinda kwa moto gasketi haikai tena. Wa pili akashauri bolti ya saizi ya juu inayojichongea uzi (ile mikato ya kukazia) yenyewe. Rahisi, lakini ikiingia upande kidogo tu washa, ile ringi ya kuzibia chini ya bolti, hailali sawa. Nikashuka Gerezani nikanunua seti ya helikoili, yaani koili ya waya inayopachikwa tunduni iwe uzi mpya wa bolti, kwa shilingi 85,000: biti ya kutobolea, tapu ya kuchongea uzi, kifaa cha kupachikia na koili 10 za waya usioshika kutu.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu kuliko nguvu. Unatoboa kuondoa uzi uliokufa, kisha tapu. Tapu ya seti hii ni nene kuliko ya kawaida ya bolti hiyohiyo, kwa sababu inachonga nafasi ya koili, basi usiazime ya jirani. Niliipaka grisi nzito ili vumbi la chuma linase humo, nikawa nazungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Bado yaliingia mengine ndani. Sampo yangu ni ya chuma, nikayavua kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya, kisha nikamimina lita moja ya oili ya bei rahisi itoke na mabaki. Kama sampo yako ni ya aluminiamu, sumaku haikusaidii kitu. Hapo ishushe tu.

Koili huingia mpaka izame kidogo chini ya uso. Ncha yake ina kiulimi cha kushikia, ambacho unakivunja ukimaliza. Hapa ndipo nilipotoka jasho, kwa sababu kinaelekea ndani. Nilikishika kwa koleo ndefu nyembamba, nikakipinda huku na huku mpaka kikatika mkononi.

Kasoro ya seti ni karatasi ya maelekezo, ambayo haisemi popote kwamba koili haizuii oili. Mara ya kwanza ilivuja tone tone kwa nje ya koili, kwa kuwa washa yangu ya zamani ilikuwa nyembamba. Nikarudia, nikapaka gundi ya uzi nje ya koili mpya, nikaacha ikauke usiku kucha, nikaweka washa pana ya shaba.

Tangu hapo nimemwaga oili mara tatu, mimi mwenyewe, kwa spana fupi. Pakavu. Naipa nyota nne.

Seti sasa iko kwa jirani mwenye Hiace. Alisema ataileta Jumamosi, na hii ni Jumamosi ya tatu.