Deli la maji la timu ya watoto: tazama koki kwanza

Tangu Desemba meseji ninazopokea zinafanana. Mama mmoja wa Tabata anasema deli la timu limemwagika lote kwenye buti ya gari kabla hawajafika uwanjani. Baba wa Mbezi anauliza kwa nini maji yananuka wakati deli ni jipya. Mwalimu wa Temeke anasema watoto wakishakunywa, maji ya chini hayatoki mpaka alilaze deli, na akililaza mfuniko unafunguka. Kila mmoja anadhani tatizo lake ni la peke yake. Yote matatu ni tatizo la koki.

Miongozo mingi ya madeli huanza na barafu inakaa saa ngapi. Hapo napita. Mechi ya watoto wa chini ya miaka 12, ukijumlisha na kupasha misuli na kelele za makocha, haifiki saa mbili. Deli lolote lenye kuta mbili na povu gumu katikati litafikisha baridi hiyo. Rangi, magurudumu na pale pa kuchomeka glasi mtaamua wenyewe.

Ukubwa nitausema haraka kwa sababu watu wanapunjana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 9 hadi 12 anayecheza juani anywe kati ya mililita 100 na 250 kila dakika 20. Piga hesabu ya watoto 18 kwa saa moja na nusu, kwa kile kiwango cha juu: unapata lita 20 na ushee. Kwa hiyo lile deli la lita 10 ambalo timu nyingi zinalo linaisha kabla ya kipindi cha pili kuchanganya. Nunua la galoni 5, yaani kama lita 19, maana si kila mtoto atafikia kile kiwango cha juu. La galoni 10 likijaa lina zaidi ya kilo 38, na wanaolibeba huwa ni akina mama wakati makocha wanapanga koni.

Na makocha hao hao ndio wanaowaambia watoto wasinywe maji, "yatawaletea kichomi." Jamani. Mwaka 2014 kule Fortaleza, mechi ya Uholanzi na Mexico kwenye Kombe la Dunia ilisimamishwa wachezaji wanywe maji kwa sababu ya joto, na wale ni watu wazima wenye madaktari wao pembeni. Kwa Kombe la Dunia la 2026 FIFA ikaweka mapumziko ya dakika 3 ya maji katika kila kipindi, joto liwepo lisiwepo. Sasa mtoto wa darasa la nne pale Kidongo Chekundu, saa tano asubuhi, juu ya nyasi bandia zinazochoma hata ukiziinamia, ananyimwa maji kwa sababu ya kichomi?

Dar ya Januari mpaka Machi ina tabia yake. Joto halipandi sana kwa namba, nyuzi 32 au 33, lakini hewa imejaa unyevu, na jasho haliwezi kukauka. Jasho lisipokauka halipoozi mwili, linachuruzika tu. Ndiyo maana hapa pwani maji ya baridi na taulo la barafu vina maana kuliko feni za mkononi na manyunyu ya chupa.

Turudi kwenye koki.

Ukifika dukani usiangalie deli kwa juu. Ligeuze, fungua mfuniko, chungulia ndani kule koki inakoingilia. Utakuta mojawapo ya mambo mawili: nati ya plastiki yenye washa ya mpira, au kidonge cha gundi. Ukiona gundi, mrudishie muuzaji deli lake. Koki iliyogundishwa haifunguki, na isiyofunguka haioshwi. Maji yanayobaki ndani ya kile kishimo chake, kati ya wikiendi na wikiendi, yanafanya utelezi. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kiingize kwenye mdomo wa koki ya deli la timu yenu leo, ukizungushe mara moja, ukitoe. Kikitoka cheusi, baba wa Mbezi amepata jibu lake. Unaweza kusugua tumbo la deli mpaka ling'ae, lakini kila tone la maji linapita kwenye ule weusi kwanza. Na hili ni jiji ambalo kipindupindu si hadithi.

Halafu angalia washa ni ngapi. Zinatakiwa mbili, moja ndani na moja nje. Madeli mengi yanakuja na ya nje tu. Hilo linafanya kazi dukani, linafanya kazi wiki ya kwanza, kisha nati inalegea kwa mitikisiko ya barabara, na hapo ndipo buti ya gari inapolowa.

Tatu ni kimo. Tundu la koki likitobolewa juu, maji yote yaliyo chini yake hayatoki. Weka vidole vyako kwa nje, kati ya kitako cha deli na koki. Vikiingia viwili ni sawa, glasi inahitaji nafasi na deli linakaa kwenye benchi. Vikiingia vinne, umenunua deli la lita 19 linalotoa 15.

Nne, na hapa ndipo nagombana na watu, koki ya kuinua haifai kwa watoto. Ile yenye kimkono unachokiinua kikabaki juu ni nzuri kwa harusi. Mtoto anakinga kikombe, anasikia filimbi, anakimbia, koki imebaki wazi. Mnarudi mapumziko, chini ni tope. Chukua ya kubonyeza, inayojifunga kidole kikitoka. Ina faida nyingine ambayo haisemwi: ni ngumu kuinyonya. Mwenye mashaka asimame pembeni ya deli lenye koki ya kuinua, ahesabu watoto wanaopiga magoti na kuweka mdomo.

Kwa vigezo hivyo, orodha yangu haina fumbo. Namba moja ni Igloo la galoni 5, lile la duara, na sitajifanya nina moyo wa usawa hapa. Ni kampuni ya Texas iliyoanza mwaka 1947, na madeli ya maji ya wafanyakazi wa juani ndiyo yaliyoitoa. Koki ni ya kubonyeza, inafunguliwa kwa nati, na koki ya akiba inauzwa peke yake. Hicho cha mwisho ndicho kinachonifanya nisisikilize hoja nyingine. Deli la namna hii linaweza kukaa na timu mpaka watoto waote ndevu, kinachokufa ni koki, na koki inabadilishwa kwa dakika mbili bila fundi. Bei yake hapa mjini imevuka laki, najua. Wazazi 18 wakichanga haifiki hela ya jezi moja.

Namba mbili ni Coleman, Wamarekani pia, kwa sababu zile zile. Ukilikuta kwa bei nafuu kuliko Igloo, chukua wala usiniulize. Shida ni kulikuta.

Namba tatu ni Cosmoplast, la Sharjah. Mwenye ndugu Dubai au anayefuata mzigo Zanzibar analipata kirahisi, na plastiki yake ni nzito. Hakikisha unachukua la maji lenye koki, si lile boksi la kuwekea soda, na uliza koki ya akiba kabla hujatoa pesa.

Namba nne ni yale yasiyo na jina, ya rangi mbili, yanayopangwa barabarani Kariakoo. Ukikuta lenye nati na washa mbili, bahati yako. Kama mfuko hauruhusu kabisa, ndoo yenye koki, zile zilizobaki kila ofisi baada ya corona, inatosha: koki yake ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, na ukiifunika kanga mbili zilizolowa inasogeza.

Nimefika kwa wauzaji, na nina yangu. Njia pekee ya kupima koki ni maji. Tia maji mpaka yafunike tundu la koki, kunja tishu kavu uiweke chini ya koki, subiri dakika tano ukiongea habari za Simba na Yanga. Tishu ikilowa, deli linavuja. Sasa jaribu kuomba hivyo dukani. "Mama, ukishatia maji umenunua." Yaani deli la maji haliruhusiwi kuwekewa maji! Kuna duka nililoambiwa deli litachafuka. Siku hizi natembea na chupa ya lita moja na nusu na tishu zangu kwenye pochi, na muuzaji anayekataa nampa mgongo, maana anayejua mzigo wake hauvuji hana cha kuogopa.

Na hawa wa mtandaoni wanaoweka picha tano za deli kutoka pande zote isipokuwa ndani, halafu ukiuliza bei wanakujibu "njoo inbox". Kwa nini nije? Nikija unafungua picha yangu, unaniona nimevaa vizuri kwenye harusi ya mdogo wangu, bei inapanda. VAT haijui nimevaa nini. Dada mmoja alinitajia bei moja asubuhi, mume wangu alipoandika jioni akatajiwa nyingine, na tofauti yake ingenunua koki za akiba za msimu mzima. Andikeni bei.

Ukishalipata, koki ya akiba na washa nunua siku hiyo hiyo. Usiseme utarudi, ukirudi mzigo umeisha. Kila baada ya mechi fungua nati, toa koki, sugua kwa mswaki wa zamani na sabuni, suuza, uache deli wazi likauke lote. Mara moja moja lowesha koki kwenye maji yenye jiki kidogo, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Barafu ya kunywa tengeneza mwenyewe. Jaza maji yaliyochemshwa kwenye chupa za lita moja na nusu, acha nafasi juu, gandisha usiku, asubuhi tumbukiza chupa zima zima zikiwa zimeoshwa. Kilo moja ya barafu kuyeyuka tu inanyonya joto linalotosha kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, kwa hiyo chupa nne zinalipooza deli bila kujaza friza nzima. Barafu ya Feri iliyokaa na vibua isiingie humo. Hiyo ina kazi yake kwenye beseni la pembeni: itie maji, tumbukiza taulo za kawaida za pamba, na kila mapumziko mtoto awekewe moja shingoni, moja kichwani, likipata joto libadilishwe. Mtoto akianza kuyumba, akijibu mambo yasiyoeleweka, akitapika huku mwili unawaka moto, mtoe juani, mvue jezi, mmiminie maji hayo ya barafu mwili mzima na mbadilishe taulo mfululizo wakati mwenzako anatafuta gari. Kupooza kwanza, safari baadaye. Joto la ndani likipita nyuzi 40 linaweza kuharibu ubongo, na foleni ya barabara ya Mandela haina huruma.

Kuhusu cha kutia ndani ya deli: maji. Madaktari wale wale wa Marekani walisema tangu 2011 kwamba vinywaji vyenye kafeini vya kuongeza nguvu si vya watoto kabisa, na vile vya michezo wengi wao hawavihitaji. Madafu ni mazuri baada ya mechi, yana potasiamu ya kutosha ila chumvi kidogo, kwa hiyo mpe na kitu cha chumvi, hata mihogo ya kukaanga. Soda au juisi ikiingia kwenye deli mara moja tu, sukari inaganda kwenye koki, na sisi tumeshaongea habari za koki.

Mabunduki ya kukanda misuli yanayouzwa siku hizi sitayapanga. Mtoto wa miaka kumi anapona kwa kula, kunywa na kulala. Fulana za barafu pia hapana, saizi za watoto ni za kutafuta kwa tochi.

Wa Dodoma wameniuliza kuhusu zile taulo laini za kulowesha na kupunga, zinazouzwa kwenye kopo la plastiki. Kwa hapa Dar nazikataa, hewa yetu haizikaushi na zisipokauka hazipoozi. Dodoma hewa ni kavu kuliko yetu, huko zinafanya kazi. Chukueni, ila lowesheni na ya pili wakati ya kwanza iko shingoni.