Huduma ya kufunga saileji ya nyasi: mashine safi, kalenda yenye walakini

Kwa misimu miwili mfululizo nimetumia huduma ya mkandarasi mmoja anayekata nyasi, kuzinyausha na kuzifunga marobota ya saileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa bila hewa ili yasiharibike, na naona ni vyema niwaeleze wafugaji wenzangu wa ng'ombe wa maziwa jinsi anavyofanya kazi, kwa kuwa shamba lile lile lilinipa malisho ya aina mbili tofauti kabisa.

Mashine zake sina neno nazo. Visu ni vikali, nyasi hukatwa sentimita 7 hadi 10 juu ya ardhi ili udongo usiingie kwenye malisho, na kila robota huviringishwa tabaka 6 za plastiki bila kuacha mwanya. Kasoro ilikuwa katika siku na saa.

Msimu wa kwanza tulikubaliana aje nyasi zikianza tu kuchomoza masuke, naye akafika siku 10 baadaye, mashina yakiwa yamekwisha kukomaa. Ni rahisi kuufurahia ucheleweshaji wa namna hiyo, maana idadi ya marobota huongezeka; lakini masuke yakishatoka, sehemu ya nyasi ambayo ng'ombe anaweza kuimeng'enya hupungua kwa takriban nusu asilimia kila siku, na protini nayo hushuka kadiri mashina yanavyoyazidi majani. Isitoshe, kwa kuwa wateja wengine walikuwa wakimsubiri, alikata alfajiri umande ukiwa bado umetanda, akafunga kabla ya adhuhuri. Nilipochota konzi moja na kuiminya, maji yalichuruzika katikati ya vidole vyangu. Nilimwonyesha, akanijibu kwamba plastiki ingemaliza kazi. Plastiki huzuia hewa, maji haiyaondoi. Nyasi zikiwa na maji asilimia 80 au zaidi, sukari yake huzimuliwa, uchachu huchelewa kufikia kiwango cha kuzihifadhi, na bakteria wa klostridia hupata nafasi ya kuigeuza asidi ya laktiki kuwa asidi ya butiriki na kuivunja protini hadi kuwa amonia. Baada ya wiki 6 nilifungua robota la kwanza nikakutana na harufu ya siagi iliyooza, majani yenye utelezi na maji ya kahawia yaliyotuama chini ya plastiki. Ng'ombe walinusa, wakala shingo upande, na maziwa yakapungua siku hizo hizo.

Msimu wa pili nilimwekea masharti, naye, kwa haki yake, aliyatimiza. Alifika masuke yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia, akakata alasiri, wakati jua limekwisha kuziongezea nyasi sukari, kisha akazitandaza papo hapo shamba zima badala ya kuziacha katika matuta mazito ambayo hukauka juu na kubaki mabichi chini. Kesho yake alasiri niliminya tena: hapakudondoka hata tone, na bonge lilifumuka polepole kiganjani, dalili kwamba sehemu kavu, yaani uzito wa nyasi usio maji, ilikuwa imefikia kama asilimia 35, kiwango kinachofaa kwa marobota. Saileji ile ilitoka na rangi ya kijani kibichi iliyoelekea manjano na harufu ya uchachu mwepesi, na mahori yalibaki matupu.

Hata hivyo, kona moja yenye nyasi haba ilinyauka kupita kiasi, kwa sababu alingoja hadi shamba lote liwe tayari ndipo aanze kufunga. Nyasi zikikauka hivyo hazishindiliki vizuri, hewa hubaki ndani, na marobota matatu ya kona hiyo niliyakuta na ukungu mweupe. Angeanza na kona ile asubuhi, yangepona.

Nitamwita tena, mradi tuandikiane siku ya kukata mapema, na robota la kwanza lisifungwe kabla sijaziminya nyasi kwa mkono wangu mwenyewe.